Kibla Haiko Kaskazini

Kamembe, Rusizi
5 Machi 2023

Kwa Baba Mdogo Kamali,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo na wajukuu wote. Sisi huku hatujambo, isipokuwa magoti ya mama, ambayo yanamuuma kila mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haijui kupumzika. Hata hivyo kila Jumanne na Ijumaa anavuka mpaka pale Rusizi ya Kwanza na vitenge vyake kichwani kwenda Bukavu. Nikimwambia akae, ananiuliza ni nani aliyelalamika. Anakusalimu sana. Anasema uache sigara, ingawa sijui kama bado unavuta. Yeye alikuona mara ya mwisho miaka minne kabla mimi sijazaliwa.

Naandika kwa herufi kubwa na kalamu nyeusi kama ulivyoagiza. Nimeelewa kwamba masikio yako yamekataa simu na macho yamekataa kioo chake. Barua anaibeba Ndizeye, dereva wa lori la chokaa, anayekuja kwetu kutoka huko Tanga kila baada ya wiki tatu au nne, barabara ikipenda.

Sasa nije kwenye shauri lenyewe. Ule msikiti mdogo wa mtaani, aliojenga marehemu baba mwaka wa themanini na nane, tumeubomoa. Kuta zilikuwa na nyufa za kuingiza mkono. Kamati ilinipa mimi kazi ya kuujenga upya, na nilifurahi mpaka nikalia, maana hakuna mwanamke aliyewahi kuwa fundi mkuu wa msikiti hapa kwetu. Nimejenga vyoo vya shule kule Nyakabuye, nimejenga nyumba sita sekta ya Butare, lakini msikiti ni kitu kingine.

Furaha haikumaliza wiki. Kijana mmoja aliyerudi kutoka masomoni alisimama baada ya swala akasema kibla ya msikiti wa zamani haikuwa sawa, imeelekea kaskazini tupu na Maka haiko kaskazini tupu. Mtaa mzima umechafuka. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mugabo, alinijia nyumbani akasema, "Zulaikha, mutoto wangu, miye siko mubaya na baba yako. Lakini bantu banauliza: miaka yote ile tuliswali kuelekea wapi?" Kisha akaniambia kazi yangu imesimama mpaka kibla ijulikane, na nisipoweza kuionyesha watatafuta fundi mwingine.

Baba alifariki Desemba, miezi mitatu haijafika, na tayari anaitwa fundi aliyepoteza watu. Siwezi kulivumilia hilo.

Nakuuliza kwa sababu wewe ulikuwepo ukuta ule ulipoinuka. Babu aliwafundisha nini kuhusu kibla? Na neno lenyewe lina asili gani? Kinyarwanda kinajieleza: kaskazini ni amajyaruguru, kwenda juu; kusini ni amajyepfo, kwenda chini; mashariki ni pale jua linapochomoza. Hata mto wetu unakubali, unatoka juu ziwani unashuka chini. Lakini hili "kaskazini" la Kiswahili tumelitoa wapi?

Ni mimi mwanao,
Zulaikha binti Karim

*

Tanga
2 Aprili 2023, siku ya kumi na moja ya Ramadhani

Binti yangu Zulaikha,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu Mama yako Mdogo aliitaka kwa sauti. Tu wazima. Mjukuu wa tatu ameota meno mawili na anatuuma sote. Sigara niliacha mwaka alioingia Mama yako Mdogo nyumbani. Mwambie mama yako Nyiraneza asiwe na shaka, nimeoa askari.

Herufi zako ni kubwa kweli. Nilidhani ni bango la duka.

Umeuliza jambo zuri na kuuliza si ujinga. Kaskazini ni kwenye kaskazi, na kaskazi ni upepo. Huku pwani unavuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, unatoka upande huo, basi upande ukapewa jina la upepo. Kusini vivyo hivyo, ni kwa upepo wa kusi. Ninyi huko Kamembe mnataja kila siku pepo mbili ambazo hazijawahi kuwapuliza hata kanzu. Mashariki na magharibi tumepewa na Waarabu: moja ni kuchomoza, nyingine ni kuchwa, na ndiyo maana swala ya jua linapotua inaitwa Magharibi.

Kibla nalo ni la Kiarabu, na ndugu zake wako kinywani mwako bila wewe kujua. Kukabili ni ndugu yake. Kabla ni ndugu yake. Kibla ni kile unachokikabili, ulichokiweka mbele ya uso. Halina upande wa dunia ndani yake. Mtu wa Misri kibla yake ni kusini na mashariki, mtu wa Uhindi kibla yake ni magharibi.

Lakini sikiliza yaliyotokea huku. Kutoka Tanga, Pangani, Mombasa, Maka iko kaskazini, karibu sawa kabisa kama uzi. Kwa hiyo wazee wa pwani, karne kwa karne, walizoea kuita kaskazini yenyewe "kibla". Hata leo nina jirani, mzee, akitaka kukuelekeza dukani anasema "shika upande wa kibla", wala hana maana ya kuswali. Kusini waliita suheli, jina la nyota. Fundi wa Pangani akiitwa kujenga msikiti haulizi mtu. Anatafuta kaskazini, anavuta kamba, anaanza. Na hakosei.

Baba yetu, babu yako, alikuwa fundi wa Pangani. Alikuja huko Kamembe na timazi yake na mazoea yake. Alitufundisha mimi na Karim kwa maneno haya: "Kibla ni kaskazini, kaskazini ni kibla, msibishane." Sasa chukua ramani uangalie Pangani iko wapi na Kamembe iko wapi, uone kama uzi mmoja unaweza kutumika kotekote.

Ya mwaka wa themanini na nane tuyaache. Nimesahau mengi, na mfungo unanichosha.

Nakutakia saumu njema na zege lisilo na mchanga mwingi,
Baba yako mdogo, Kamali

*

Kamembe
23 Aprili 2023

Baba Mdogo mpendwa,

Idi njema, hata kama itakufikia imechacha. Tulikula pilau na mbuzi, na mama alinivalisha kitenge alichokikataa mteja wa Bukavu kwa sababu ya picha za pasi. Nimevaa pasi kumi na nne mwilini na watu wamenisifu.

Barua yako nilimsomea Mzee Mugabo sehemu ya pepo akacheka sana. Sehemu ya babu hakucheka. Alivuta ndevu.

Ngoja nikupe kichekesho. Kamati iliita kijana wa vipimo, jina lake Christophe-Aimé, fundi wa ramani, mwenye adabu zake. Alisimama kwenye kiwanja chetu na simu yenye busole, ile mnayoita dira. Simu ikasema Maka iko kule, upande wa msitu wa Nyungwe. Mwenyekiti akatoa yake, ikasema Maka iko ziwani. Shehe akatoa ya mwanawe, ikasema Maka iko Bukavu! Wazee wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Miye siswali kwa chaji. Simu tatu, Maka tatu, hatutaki ya ine." Tangu siku hiyo hakuna anayetaka kusikia habari ya simu.

Mimi nilijua kosa liko wapi. Walikuwa wamesimama juu ya rundo la ferabeto, nondo mnavyoziita huko, tani nzima ya chuma, na busole inapenda chuma kuliko inavyopenda ukweli. Nilisema, hawakunisikia. Basi jioni nilimwomba Christophe-Aimé tuteremke wawili, mimi na yeye, mpaka ufukweni ambako hakuna hata msumari. Huko simu ilitulia. Kibla ya Kamembe inalala kulia mwa kaskazini, karibu digrii ishirini na nne. Katika vipimo vyetu: ukienda mita kumi kaskazini, uende mita nne na sentimita thelathini na saba mashariki. Si kosa la unywele, Baba Mdogo. Mtu akiwa mstari wa mbele anaona kwa macho.

Kwa hiyo yule kijana wa masomoni alisema kweli, na baba alikosea. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni nikalia, mama akafikiri ni vitunguu.

Kamati imenipa mpaka katikati ya Julai. Nionyeshe kibla kwa njia ambayo kila mtu ataiona kwa macho yake mwenyewe, mwenye simu na asiye na simu, la sivyo kazi inakwenda kwa kampuni moja ya mbali. Kuna mmoja alisema nyuma yangu, "Mwanamuke atatuonyesha kibla? Kesho atataka kutuswalisha!" Nilimgeukia nikamwambia kesho niko na kazi ya kuchanganya zege, labda keshokutwa.

Nakuuliza tena, na safari hii usijifiche nyuma ya saumu. Ulipokuwa hapa mwaka ule, ulijua kwamba kibla haiko kaskazini? Kuna jambo la baba mimi pia sijakuandikia, na sitaliandika mpaka wewe uanze.

Mwanao,
Zulaikha

*

Tanga
14 Mei 2023

Zulaikha,

Salaam nyingi. Tumepata mvua ya kutosha mihogo, na mjukuu sasa ana meno manne. Mama yako Mdogo ameomba picha ya kitenge cha pasi. Ndizeye ananisubiri nje na injini inawaka, kwa hiyo leo naandika mbiombio.

Njia unayoitafuta ipo, na haina chaji. Mara mbili kwa mwaka jua husimama juu ya Kaaba, utosini kabisa. Wakati huo, popote ulipo duniani ukiliona jua, unaikabili kibla. Huhitaji kujua kaskazini wala kusini. Tundika timazi, kamba na uzito wake, ngoja dakika yake, chora kivuli cha kamba. Kivuli kinakimbia Maka. Wewe kifuate kinyumenyume. Nilifundishwa na mwalimu mmoja wa hapa Tanga mwaka wa tisini na moja, na nimepanga kwa njia hiyo misikiti minne ya bara.

Siku ni tarehe 28 Mei, saa sita na dakika kumi na nane mchana. Ikikupita, ya pili ni tarehe 16 Julai, saa sita na dakika ishirini na saba. Baada ya hapo ni mwakani. Mwezi wa Julai huko kwenu ni kiangazi, nakumbuka vumbi lake, jua halitakusaliti.

Swali lako la pili nimeliona. Fundi Karim alikuwa kaka yangu mkubwa. Inatosha kwa leo.

Usitie haraka kwenye kamba,
Kamali

*

Kamembe
11 Juni 2023

Baba Mdogo,

Nakusalimu, na mama anakusalimu, na magoti yake yamepona kwa sababu mvua imekatika. Habari njema zimeishia hapo.

Barua yako imenifikia tarehe 30 Mei. Siku mbili baadaye! Udongo ulishuka barabarani kule msituni na Ndizeye alilala ndani ya lori siku tano na chokaa yake. Alipofika alinikabidhi bahasha kwa mikono miwili kama mtu anayeleta msiba. Sikumkemea, ila nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga teke ndoo.

Halafu nikasoma tena, na hapo ndipo nilipomshukuru Mungu kwa ule udongo. Umeandika saa sita na dakika ishirini na saba. Saa sita ya wapi, Baba Mdogo? Ndizeye alikuwa amekaa kwetu anakunywa chai, nikamwona anazungusha mshale wa saa yake. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, "Nilisahau kuirudisha pale mpakani Rusumo. Kule Tanzania biko mbele na saa moja." Saa ya Tanga na saa ya Maka ni moja, ndiyo maana hujawahi kufikiri. Saa yetu na ya Bukavu iko nyuma. Kwetu itakuwa saa tano na dakika ishirini na saba. Kama barua ingewahi, ningetundika timazi saa nzima baadaye, jua limeshavuka upande wa pili, na ningechora kibla inayolala kushoto badala ya kulia! Mbele ya mtaa mzima!

Babu alikuja na kaskazini ya Pangani, na wewe umenitumia saa ya Tanga. Sisemi zaidi, nisije nikaonekana sina adabu.

Kamati imekubali kungoja tarehe 16 Julai, itakuwa Jumapili. Mzee Mugabo ametangaza msikitini. Jirani yetu Mukengere, Mkristo wa Bukavu anayeuza mbao, atatuazima miti mirefu mitatu. Kwa ruhusa yao nimeshamwaga jamvi la zege la kiwanja na kulisugua mpaka limekuwa kama sinia.

Sasa unielewe. Siku hiyo mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nitachora mstari unaosema baba yangu alikosea. Nitauchora kwa sababu ni kweli na kwa sababu kazi hii naitaka. Lakini nataka kujua kwanza wewe ulimwambia au hukumwambia. Mficha uchi hazai.

Zulaikha

*

Tanga
2 Julai 2023

Binti yangu,

Assalaam alaykum. Idi ya kuchinja imepita salama. Kuhusu saa, umenikamata. Nilicheka peke yangu barazani mpaka Mama yako Mdogo akatoka na mwiko kuangalia. Misikiti yangu minne yote iko Tanzania. Sijawahi kuvuka Rusumo na njia ile. Wewe ni fundi kunishinda, na siandiki hili kwa kukufurahisha.

Haya, nianze mimi.

Nilimwambia. Nilikuwa nimetoka Ujiji, nimefanya kazi huko miaka miwili, na nimeona misikiti yao yote inalala kulia. Nikarudi nikamkuta Karim amevuta kamba kaskazini, kama alivyofundishwa. Nikamwambia kaka, hii ni kibla ya pwani, huku tuko bara, tuihamishe. Akasema, "Unataka kumfundisha baba kibla akiwa kaburini?" Nikasema baba hakuwa Mtume. Tuliendelea hivyo siku tatu. Siku ya tatu, mbele ya vibarua wote, nilimwita kipofu mwenye timazi.

Akachukua kamba mkononi mwangu, akaifunga yeye mwenyewe kwenye kigingi, akaanza kupanga matofali. Ijumaa ile nilipanda gari. Hatukuandikiana. Salaam za wengine zilipita kwa watu, ila yeye hakutuma neno, nami sikutuma.

Desemba nilikuandikia kwamba naumwa, siwezi kuja maziko. Sikuumwa. Nilikuwa nimefunga mzigo, nikaufungua. Niliogopa kusimama kwenye msikiti ule na kuona ukuta wake, na niliogopa kwamba moyo wangu ungesema "nilikuambia" hata mbele ya jeneza.

Sasa umejua. Chora mstari wako. Mimi sitamhukumu baba yako tena, nilishamhukumu vya kutosha.

Kamali

*

Kamembe
17 Julai 2023

Baba Mdogo wangu,

Salaam na furaha! Mama mzima, mimi mzima, mtaa mzima mzima! Sijalala vizuri na mikono bado ina vumbi jekundu, lakini Ndizeye anaondoka leo na nimemwapisha asisimame njiani hata kununua ndizi.

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliisoma, nikamsomea mama. Jumapili ikafika.

Walikuja watu ambao hata msikitini hawajawahi kuonekana. Waliotoka misa walisimama upande wa barabara. Mukengere alileta miti yake, tukaifunga vichwa pamoja kama nyumba ya kuku isiyo na kuta, na katikati nikatundika timazi kwa kamba nyembamba. Nilikuwa nimevaa ovaroli na mtandio mweupe. Saa tano kasorobo ukungu wa ziwani ulikuwa umeisha. Saa tano na robo wingu moja likatoka upande wa Nyungwe, kubwa, linakuja polepole, na watu wote wakaanza kulitazama hilo wingu badala ya kamba. Yule wa "kesho atataka kutuswalisha" akasema, "Naona mvua." Mama akamjibu, "Na miye naona mudomo." 

Ndizeye alishika saa. Timazi ilikuwa inayumba kidogo, nikaishika kwa vidole viwili mpaka ikatulia. Wingu lilipita pembeni. Ndizeye akasema, "Sasa!" na kivuli kilikuwa pale kwenye zege, cheusi, kirefu kama mita moja na nusu, kimenyooka. Nikatia alama mbili. Nikavuta uzi wenye vumbi jekundu kutoka ncha ya kivuli mpaka chini ya timazi na kuendelea mbele mpaka mwisho wa jamvi, nikaupiga. Tap! Mstari mwekundu ukalala, na watu wote, bila kuambiwa, wakajipanga nyuma yake kuutazama unakokwenda. Ulilala kulia mwa kaskazini, palepale ufukwe uliponiambia.

Nilisimama nikasema kwa sauti, kabla mtu mwingine hajasema: "Marehemu baba yangu alijenga kwa kaskazini, kama alivyofundishwa pwani. Hapa si pwani. Kibla yetu ni hii."

Mzee Mugabo akasogea, akavua viatu, akasimama juu ya mstari. Akajiangalia miguu. Akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Lakini hii ndiyo njia ya Karim!" akasema. "Miye nilisimama pembeni yake miaka kumi na mbili, mwisho wa safu, karibu na ukuta. Kila siku anapinda hivi, mukono ya kuume. Nikamuuliza, Karim, uko namna gani? Akanijibu, mugongo unaniuma, Mzee. Mugongo gani! Alikuwa anajua!"

Wazee wengine wawili wakasema na wao walimwona. Mmoja akasimama akaonyesha baba alivyosimama, na ilikuwa ni baba hasa, bega moja mbele.

Hili ndilo nililokuficha. Nilikuwa najua. Nilipokuwa mdogo, nyuma kwa akina mama, nilimwona kupitia tundu la pazia amepinda, nikamuuliza, naye akanijibu ni mgongo. Nilipokuwa fundi nilielewa, wala sikumuuliza tena. Niliona aibu, Baba Mdogo. Niliona kwamba alijua na akawaacha watu, na sababu nimeijua kwenye barua yako tu: hakuweza kusema mdogo wake alikuwa na haki. Nilimkasirikia hata siku ya kumzika.

Shehe alisema swala za miaka yote zimepokelewa, maana kila mtu alielekea kadiri ya ujuzi wake, na aliyejua naye alielekea alikojua, na kwamba kunyamaza kwake ni kati yake na Mola wake. Ikamalizika hapo. Halafu Mzee Mugabo akaniita mbele ya wote akasema, "Fundi Zulaikha, kesho anza." Fundi! Si mutoto wangu, fundi! Akina mama walipiga vigelegele mpaka mbwa wa Mukengere akakata kamba yake. Yule mwenye mdomo alikuja mwenyewe kuomba kibarua, nimempa kubeba maji. Christophe-Aimé alisogeza simu yake mbali na vyuma, ikasema ishirini na nne, akainua mkono kama mtu aliyefunga goli. Na kabla jua halijapinda, watu wawili kutoka Nyakabuye walishaniuliza kama naweza kwenda kuwapimia na wao mwakani. Nimewaambia tarehe 28 Mei, saa tano na dakika kumi na nane, na saa ni ya Rwanda.

Sasa nakwambia wewe, kwa sababu hakuna mwingine wa kukuambia. Kila siku, mara tano, kwa miaka, kaka yako aliswali kwa kibla uliyomwonyesha. Kinywa chake hakikuweza, lakini mwili wake ulikubali. Nadhani alikuwa anakuomba radhi kwa namna hiyo, na nadhani alikuwa na kichwa kigumu mno, na nampenda kwa yote mawili.

Ukuta wa kibla naanza kuuinua mwezi ujao.

Binti yenu,
Fundi Zulaikha binti Karim

*

Tanga
6 Agosti 2023

Fundi Zulaikha,

Waalaykum salaam. Nimeisoma. Mama yako Mdogo ameisoma. Imam wa hapa amesomewa, na mzee wa "upande wa kibla" amesomewa pia, amesema ataendelea kuita kaskazini kibla mpaka afe kwa sababu kwake ni sawa, na ni kweli kwake ni sawa.

Sikujua. Miaka thelathini na tano nilimwona Karim kichwani mwangu amesimama kaskazini, amenipa kisogo. Kumbe kila siku alikuwa anageuka. Nimelia mbele ya wajukuu, wakafikiri meno yananiuma.

Nilikuwa na haki juu ya ukuta, na nilimtukana kaka yangu mbele ya vibarua. Hilo la pili ndilo nililopaswa kumwandikia, na barua kama hii ilikuwa inawezekana wakati wote alipokuwa hai.

Ndizeye anaondoka Jumatano. Nitakuwa kiti cha mbele, na saa yangu nitairudisha pale Rusumo mwenyewe. Mwambie Nyiraneza nakuja bila sigara. Ukuta usiusimamishe kwa ajili yangu, endelea kujenga, nitakukuta ulipofika na nitachanganya udongo kama utanipa kazi.

Ila nikishuka kwenye lori usinipeleke nyumbani kwanza, wala msikitini. Nipeleke kwa Karim.

Kamali